Ufunguo wa Sanduku la Posta

Kwa miaka kumi na mmoja nilitembea na ufunguo mdogo wa shaba katika mfuko wa suruali. Ulikuwa ufunguo wa sanduku la posta la shule niliyoiongoza, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tanga, upande wa kuelekea mpaka wa Kenya. Wasomaji waliokulia mijini pengine hawajui mambo haya yalivyokuwa. Kijiji hakikuwa na posta. Sanduku lililokuwepo mjini lilikuwa la shule, na mwanakijiji aliyetarajia barua alimwagiza ndugu yake aandike jina lake, chini yake aandike "kwa Mwalimu Mkuu", kisha namba ya sanduku letu. Kila Ijumaa mimi au mwalimu wa zamu tulipanda basi kwenda mjini, tukarudi na chaki, magazeti na furushi la barua za watu. Jumamosi asubuhi watu walikuja ofisini, na wasiojua kusoma niliwasomea. Kwa njia hiyo nilijua nani amefiwa, nani anadaiwa mahari, na kijana gani wa Dar es Salaam amewasahau wazazi wake.

Nilipomaliza chuo cha ualimu mwaka 1972 hakuna mkufunzi aliyenifundisha namna ya kutunza ufunguo wa aina hiyo. Tulifundishwa falsafa ya elimu, saikolojia ya mtoto na namna ya kuandaa azimio la kazi. Barua za watu hazikuwamo katika mtaala.

Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, alikuja ofisini kwangu mtu aliyevaa kiraia. Alinisalimu kwa adabu, akaniita Ndugu Mwalimu Mkuu, akanionyesha kitambulisho na kukirudisha mfukoni kabla sijakisoma. Alitaka msaada mdogo. Pale kijijini palikuwa na mzee mwenye duka, mwenye kaka yake Mombasa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, bidhaa zilikuwa adimu, na huyo mzee alishukiwa kwamba sabuni na khanga zake hazikupita mlango wa halali. Mgeni wangu hakutaka nifungue barua yoyote. Alitaka niandike tu katika daftari yaliyo nje ya bahasha: jina la aliyeandika, mji uliogongwa katika muhuri wa posta, na tarehe. "Hayo yako nje, Mwalimu," alisema, "hata karani wa posta anayaona."

Nikaandika. Nilitumia daftari la mistari, la wanafunzi, nikapiga safu tatu kwa rula. Mwezi wa tatu akataka barua yenyewe, kwa siku mbili tu. Nikampa. Ilirudi baada ya siku tano, imebandikwa upya kwa uji wa ugali.

Nilikaa na jambo hili miaka mingi bila ya kulitafuta katika vitabu. Aliyenirudisha huko ni mjukuu wangu anayesoma sheria. Siku moja akiwa likizo aliniuliza: "Babu, enzi zenu polisi wakitaka kujua unazungumza na nani, walikuwa wanahitaji hati?" Sikuwa na jibu. Aliacha nyumbani vitabu vyake vya kesi, nami mstaafu sina haraka, nikavisoma kimoja baada ya kingine. Nilichokiona humo ndicho ninachotaka kumsimulia msomaji, kwa sababu swali la yule mtoto ni la zamani kuliko simu, na walioligombania zaidi kwa maandishi ni Waingereza na Wamarekani.

Wa kwanza ni mwalimu mwenzetu. John Entick alikuwa mwalimu wa shule Uingereza, mtunzi wa kamusi ya tahajia, na alikuwa akiandika katika gazeti lililoipinga serikali. Tarehe 11 Novemba 1762 wajumbe wanne wa Mfalme, wakiongozwa na Nathan Carrington, waliingia nyumbani kwake Stepney, London. Walikaa saa nne, wakavunja makufuli na makasha, wakasoma karatasi zake za siri na kuchukua mamia ya maandishi. Hati walikuwa nayo, tena imetiwa saini na waziri, Lord Halifax. Entick hakunyamaza. Aliwashitaki wale wajumbe, na jopo la raia likampa fidia ya pauni 300. Mwaka 1765 Jaji Camden alitoa hukumu ambayo wanasheria wanaisoma hadi leo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kama hesabu za darasa la pili: waziri anasema ana mamlaka ya kutoa hati ya namna hii; basi atuonyeshe sheria inayompa. Tumetafuta katika vitabu hatukuiona. Kwa hiyo haipo. Kwamba jambo limezoeleka, au kwamba serikali inalihitaji, hakuligeuzi kuwa sheria.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Mgeni wangu wa 1983 mimi sikumwuliza hata jina la sheria.

Upande wa pili wa bahari, katika makoloni ya Uingereza ya Amerika, watu walikuwa na kero yao. Maofisa wa forodha walikuwa na hati za jumla, zisizotaja nyumba wala mtu, zilizowaruhusu kuingia popote kutafuta bidhaa za magendo. Mwanasheria James Otis alizipinga mahakamani Boston mwaka 1761 akashindwa, lakini hasira haikuisha. Baada ya uhuru, mwaka 1791, Wamarekani waliingiza katika katiba yao kile kinachoitwa Marekebisho ya Nne: watu wawe salama katika nafsi zao, nyumba zao, karatasi zao na mali zao, na hati isitolewe ila kwa sababu ya msingi, chini ya kiapo, ikitaja mahali pa kupekuliwa na kitu cha kuchukuliwa. Ona, msomaji, kwamba chanzo chake ni magendo. Makosa ya mwenye duka wangu hayakuwa mapya duniani.

Kuhusu barua, Waingereza walipata aibu yao mwaka 1844. Giuseppe Mazzini, mkimbizi wa kisiasa kutoka Italia aliyeishi London, alianza kuhisi kwamba barua zake zinafunguliwa. Aliwaomba rafiki zake watie ndani ya bahasha mbegu ndogondogo za mpopi na chembe za mchanga. Barua zikafika bila mbegu wala mchanga. Malalamiko yalifikishwa bungeni, na ikabainika kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir James Graham, ndiye aliyetoa amri. Palikuwa hata na ofisi ya siri ndani ya posta kwa kazi hiyo. Ofisi ilifungwa, lakini mamlaka ya waziri ya kutoa hati yalibaki. Hiyo ni tabia ya serikali nyingi: hufunga mlango uliopigiwa kelele na kuacha dirisha.

Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1878 Mahakama Kuu yao, ambayo ndiyo ya mwisho nchini humo, ilisema katika kesi ya Jackson kwamba barua iliyofungwa, hata ikiwa mikononi mwa posta, inalindwa kana kwamba iko bado ndani ya nyumba ya mwenyewe. Haifunguliwi ila kwa hati. Lakini mahakama ilitenga jambo moja: sura ya nje na uzito wake havilindwi.

Hapo niliposoma nilihisi mtu amenigusa bega. Yule bwana wa kiraia alikuwa ameisoma mipaka hiyo, au alifundishwa na mtu aliyeisoma. Daftari langu la safu tatu lilikuwa upande wa nje. Barua niliyompa baadaye ilikuwa ndani.

Simu ilipokuja iliwachanganya majaji. Roy Olmstead alikuwa ofisa wa polisi wa Seattle aliyefukuzwa kazi, akawa mfanyabiashara mkubwa wa pombe wakati pombe ilipopigwa marufuku Marekani. Maofisa wa serikali kuu waliunganisha nyaya zao na nyaya za simu zake, wengine barabarani na wengine katika chumba cha chini cha jengo la ofisi, wakasikiliza karibu miezi mitano. Maandishi ya mazungumzo hayo yalijaa kurasa 775. Hawakuwa na hati yoyote, na sheria ya jimbo lenyewe ilisema kunasa simu ni kosa. Kesi ilipofika juu mwaka 1928, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba katiba haikuvunjwa: askari hawakuingia ndani ya nyumba, hawakuchukua kitu, walisikiliza tu. Aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu Taft, ambaye alipata kuwa Rais. Jaji Brandeis alipinga. Alionya kwamba sayansi haitaishia kwenye waya, kwamba siku itafika serikali itaweza kuzitoa siri za mtu hadharani bila ya kufungua mtoto wa meza, na kwamba serikali inayovunja sheria ili kumkamata mvunja sheria inawafundisha raia dharau. Mimi niliyeshika shule kwa miaka mingi naweza kuthibitisha hilo la mwisho. Mwalimu anayepekua masanduku ya wanafunzi wakiwa darasani huzalisha wezi hodari zaidi. Nilimwona mmoja, na nilipokuwa kijana nilikuwa yeye.

Kosa hilo la 1928 lilichukua miaka 39 kusahihishwa, na aliyelisahihisha alikuwa mcheza kamari. Charles Katz alikuwa na kawaida ya kuingia katika kibanda cha simu ya umma huko Los Angeles na kupiga simu Miami na Boston kuhusu dau. Maofisa wa upelelezi wa serikali kuu waliweka chombo cha kurekodi juu ya kibanda, nje, wakakisikiliza. Serikali ilijitetea kwa hoja ile ile: hatukuingia ndani. Mwaka 1967 majaji saba dhidi ya mmoja waliikataa. Jaji Stewart aliandika kwamba katiba inawalinda watu, si mahali. Mtu anayefunga mlango wa kibanda na kutia sarafu yake ana haki ya kuamini kwamba dunia nzima haimsikilizi. Kilichonivutia zaidi ni sehemu ambayo watu huiruka. Mahakama ilikiri kwamba wale maofisa walikuwa waangalifu sana. Walirekodi sauti ya Katz peke yake, kwa muda mfupi, na hakimu angewapa kibali bila taabu kama wangeomba. Kosa lao ni kwamba walijizuia wao wenyewe badala ya kuzuiwa na hakimu.

Nadhani hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Hati si karatasi ya kumbariki askari. Ni kumlazimisha aeleze shaka yake kwa mtu wa tatu asiye na hamu ya kumkamata yeyote, kabla ya kutenda. Mwaka uliofuata, 1968, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kunasa simu kwa amri ya jaji, isiyozidi siku 30 bila ya kuombwa upya. Na mwaka 1972 Mahakama Kuu ilisema kwa kauli moja kwamba hata Rais anapotaja usalama wa taifa, raia wa ndani hasikilizwi bila kibali cha jaji. Haja ilikuwepo. Mwaka 1963 simu za Martin Luther King zilikuwa zimenaswa kwa idhini ya Mwanasheria Mkuu wa serikali, Robert Kennedy. Hakuna jaji aliyeulizwa.

Msomaji asidhani Wamarekani walimaliza kazi. Mwaka 1966, katika kesi ya kiongozi wa chama cha wafanyakazi James Hoffa, mahakama ile ile ilisema kwamba rafiki unayemwamini akipeleka maneno yako kwa polisi, hiyo si upekuzi wala haihitaji hati. Umejitakia kwa kumwamini. Na mwaka 1979, katika kesi ya Smith, ilisema namba unazopiga hazilindwi, kwa sababu umezikabidhi mwenyewe kampuni ya simu. Ni bahasha ya Jackson tena: nje si siri. Nimeyafikiri maamuzi haya mawili kuliko yote, kwa kuwa yote mawili yananihusu. Kwa la kwanza, mimi nilikuwa rafiki. Kwa la pili, mimi nilikuwa kampuni. Kwa sheria hizo daftari langu lisingekuwa na kosa lolote, nami bado naona haya. Mtu asiye na posta hachagui kumwamini mwenye ufunguo.

Mahakama yenyewe ilikuja kulitambua jambo hili, ila kwa kuchelewa. Mwaka 2014 ilisema polisi akimkamata mtu na simu ya mkononi, asiipekue ndani bila hati. Mwaka 2018 ikaja kesi ya Timothy Carpenter, aliyehusishwa na wizi wa kutumia silaha katika maduka ya simu, majimbo ya Michigan na Ohio. Polisi walipata kutoka kwa kampuni za simu kumbukumbu za minara ambayo simu yake iliwasiliana nayo: siku 127, sehemu 12,898. Walikuwa na amri ya mahakama, lakini ya aina nyepesi, isiyodai sababu ya msingi kama hati. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba hapo hati ilihitajika. Jaji Mkuu Roberts alieleza kwamba simu imekuwa kama kiungo cha mwili, na mtu hasemi kweli akidai kwamba mwenye simu amezigawa nyayo zake kwa hiari. Dharura wameiacha: polisi anayemfukuza mtu mwenye silaha au kumtafuta mtoto aliyetekwa hangoji hakimu. Na Carpenter hakuachiwa. Kifungo chake kilizidi miaka 100, na mahakama ya rufani ilikiacha, ikisema polisi walifuata kwa nia njema sheria iliyokuwepo siku ile. Haki hizi mara nyingi hupatikana kwa jina la mtu asiyefaidi chochote.

Waingereza nao walizunguka. Mwaka 1979 mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, James Malone, alilalamika kwamba polisi wamenasa simu yake. Jaji wa London alimjibu kwamba hakuna sheria inayokataza, kwa hiyo haikuvunjwa. Laiti Camden angefufuka! Yeye alidai sheria inayoruhusu. Mwenzake, miaka 214 baadaye, akadai sheria inayokataza. Malone alikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na mwaka 1984 akashinda.

Mwaka huo huo wa 1984 ndipo Haki za Binadamu zilipoingizwa katika Katiba yetu ya Tanzania. Ibara ya 16 inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi, na inaitaka serikali iweke utaratibu wa kisheria kuhusu lini na kwa kiasi gani hifadhi hiyo inaweza kuingiliwa. Wananchi waliweza kuzidai haki hizo mahakamani kuanzia 1988. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 nayo iliweka taratibu nzuri za upekuzi: hati iandikwe, upekuzi ufanyike kati ya mawio na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu vingine, vilivyochukuliwa viandikiwe stakabadhi na mashahidi watie saini. Lakini hati yenyewe sheria hiyo ilimruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuitoa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilimpa mamlaka ya namna hiyo kwa kompyuta na simu. Mjukuu wangu alinieleza kwamba dharura ni nyingi na mahakimu wako mbali. Ni kweli, hata posta ilikuwa mbali. Hata hivyo mkuu wa kituo ndiye mwenye kesi, na anayejiomba ruhusa mwenyewe ni nadra kujinyima.

Nirudi kwa mzee wa duka. Jumamosi ile alikuja kuchukua barua yake. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba pale ilipobandikwa, akaniangalia. "Ahsante, Mwalimu," alisema. Wiki tatu baadaye duka lake lilipekuliwa usiku. Walikuta katoni chache za sabuni na madumu mawili ya mafuta ya kula. Alikaa mahabusu miezi mitano, akaachiwa bila ya kushitakiwa. Baada ya hapo mwanawe alianza kwenda mjini kwa baiskeli kila mwisho wa wiki. Walikuwa wamepata rafiki mwenye sanduku. Mimi na yeye tuliendelea kusalimiana. Alinunua hata mti wa kwanza katika harambee ya bustani ya shule.

Nilihamishwa mwaka 1989, nikakabidhi ufunguo kwa maandishi pamoja na madawati na mpira mmoja. Daftari nililichoma mwenyewe nyuma ya jiko la shule. Mwaka 1994 nilipita kijijini kwenye msiba, nikaenda dukani kwake jioni. Nilimwambia yote, la daftari na la barua. Alikuwa akipima sukari ya mtoto mmoja, hakuacha kupima.

"Nilijua siku ile ile," alisema alipomaliza. "Kaka yangu hafungi barua kwa ugali."

Nilimwuliza ilikuwa na nini. Alisema ilikuwa ya kumwarifu kwamba mama yao mgonjwa, na kama kuna njia yoyote ya kuvuka, avuke. Alipoipata, mama alikuwa ameshazikwa. Sabuni haikutajwa hata mara moja.

Nilisema, "Nisamehe, Mzee." Alinivutia kiti, akamwita mkewe alete kahawa, tukaongea habari za mvua na bei ya korosho mpaka adhana ya isha. Kama alinisamehe hakusema, nami sikumwuliza mara ya pili.